Mheshimiwa Tarimbo Ajiandikia Barua

Kijiko kiligonga kikombe gizani: kling, kling, kling. Kikanyamaza. Kisha kikaanza tena, safari hii ndani ya kikombe kingine chenye sauti nzito: klong, klong, klong.

Perpetua, mke wa Waziri, alijigeuza kitandani. Kulikuwa hakujapambazuka.

"Baba Teofili," aliita, "uko na mgeni jikoni?"

"Niko peke yangu."

"Mbona nasikia vikombe viwili?"

"Kimoja cha Waziri, kimoja cha Meya. Leo Ijumaa, wote wawili wana safari."

"Na wote wanashukia tumbo moja?"

"Waziri hatumii sukari, Mama Teofili. Lala."

Msicheke. Katika nchi ile jambo hili ni la kawaida kabisa. Msiniulize nchi yenyewe iko wapi, maana ramani yangu imechanika hapo hapo. Ninachojua ni kwamba watu wake hula mkate mrefu kuliko mkono, hugoma wakishashiba na hugoma wakiwa na njaa, na wana sheria moja nzuri sana: mtu akishakuwa mkubwa mno, huruhusiwa kuwa wakubwa wawili. Anaweza kuwa Waziri katika mji mkuu na papo hapo akawa Meya wa mji alikozaliwa, ili asisahau kwao. Sharti ni moja tu, wakubwa hao wawili wasichanganyike. Waziri huvaa nishani kifuani. Meya huvaa mshipi wa rangi, kutoka begani mpaka kiunoni. Kuvaa vyote kwa pamoja ni kosa, na adhabu yake ni kujieleza.

Mheshimiwa Filiberti Tarimbo hakuwahi kujieleza maisha yake yote.

*

Alizaliwa Siagini, mji mdogo wa milimani unaosifika kwa jibini na ukungu, katika wodi ya wazazi ya mji huo huo, chumba cha pili, kitanda cha dirishani. Mama yake alikuwa mshona nguo. Ukutani wamebandika kibao cha shaba chenye jina la mtoto na saa aliyozaliwa. Jina la mama halikutosha kwenye kibao.

Shuleni alikuwa akinyoosha mkono kabla swali halijaulizwa. Walimu wakaona hiki kipaji kisipotee, wakampeleka Chuo cha Wakubwa, ambako vijana wa nchi ile hufundishwa masomo matatu: kuingia ukumbini, kutoka ndani ya swali, na kupigwa picha na ng'ombe. Katika somo la pili hajatokea wa kumfikia. Mtahini alimuuliza, "Jina lako nani?" Filiberti akazungumza dakika ishirini, na mtahini akatokwa na machozi bila kulijua jina.

Baada ya hapo uwaziri ukamfuata kama kuku anavyofuata pumba. Alikuwa Waziri wa Uvuvi kwa miezi kumi na minne, katika nchi isiyopakana na bahari, na hakuna samaki hata mmoja aliyefia mikononi mwake. Akawa Waziri wa Utamaduni na Madaraja. Akawa Waziri wa Posta. Hakushindwa popote, kwa sababu hakuna mahali alipokaa mpaka kazi ikaanza.

Tena wana desturi yao pale. Waziri anayetoka humkabidhi anayeingia kwenye ngazi za wizara, mbele ya kamera. Anayetoka husifu, anayeingia hushukuru, wanapeana mkono, mmoja anashuka na mwingine anapanda. Sasa mwaka mmoja Wizara ya Posta ikabadilishwa jina ikaitwa Wizara ya Posta na Matumaini, na aliyeteuliwa ni yule yule Tarimbo. Wataalamu wa itifaki walikesha. Mwishowe ikaamuliwa desturi isivunjwe. Mheshimiwa alisimama kwenye ngazi, akamsifu anayekuja kwa maneno mazito, akashuka huku akijifuta macho, akazunguka nyuma ya gari, akapanda akitabasamu, akamshukuru aliyeondoka. Magazeti yaliandika kwamba makabidhiano hayajawahi kufanyika kwa upendo namna ile.

Nadhani ni siku ile alipogundua kwamba yeye ni watu wengi.

Mwaka uliofuata akapewa Afya.

*

Wizara ya Afya ilikuwa imeunda jopo la wataalamu lichunguze wodi za wazazi nchi nzima. Jopo lilikaa miezi tisa, muda ambao wengine hutumia kuleta binadamu kamili, likaleta ukurasa mmoja. Ukurasa ulisema kwamba wodi inayozalisha watoto chini ya mia tatu kwa mwaka ni ya hatari, kwa kuwa mikono ya wakunga husahau kazi. Kwa usalama wa akina mama, wodi za hatari zifungwe, na akina mama wajifungulie mbali.

Siagini ilikuwa imezalisha watoto mia mbili themanini na saba.

"Hao kumi na watatu waliobaki niwatoe wapi?" aliuliza Klotilda, mkunga wa wodi ile, mwanamke wa miaka hamsini na minane aliyempokea karibu kila mtu mjini chini ya umri wa miaka thelathini. "Nizae mwenyewe?"

Waziri Tarimbo aliitia saini karatasi ile siku ya Jumatano, kati ya kupigwa picha na ng'ombe na chakula cha mchana. Wodi zilizotajwa zingefungwa mwisho wa mwezi.

Sasa kulikuwa na mwanamke mmoja pale Siagini, Gaudensia, mke wa Damasi mwoka mikate. Alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wake wa kwanza, Leokadia, aliyekuwa na miaka sita, alikuja duniani dakika arobaini tu baada ya uchungu kuanza, tena kwa damu nyingi, na kama isingekuwa mikono ya Klotilda tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Klotilda alipompapasa tumbo safari hii alimwambia wazi:

"Mama Leo, huyu atakuja mbio kuliko dada yake. Ukisikia uchungu usioge, usisuke, usiage majirani. Njoo."

"Nije wapi, dada? Wodi inafungwa tarehe thelathini. Mimi natazamia katikati ya mwezi unaofuata."

Klotilda alikunjua glavu zake, akazikunja tena.

Hospitali ya kanda ilikuwa ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa mbili, ukiondoa ukungu, ng'ombe barabarani na wanaogoma. Gaudensia hakusoma sana, ila hesabu hii aliijua: dakika arobaini ndani ya saa mbili haziingii. Aliipiga akikanda unga, aliipiga akimsuka mwanawe, aliipiga akiwa amelala ubavu wa kushoto kama alivyoelekezwa. Jibu lilikuwa lile lile.

Ni kweli wizara ilijenga karibu na hospitali ile nyumba ya kungojea, nzuri, yenye mapazia. Lakini ili upewe kitanda ulitakiwa kuleta cheti kinachothibitisha kwamba uchungu umeshaanza.

Basi watu wa Siagini wakafanya kitu ambacho watu wa popote wangefanya. Wakaenda kwa Meya wao.

*

Meya alifika Jumamosi asubuhi, mshipi umenyooka kifuani. Akasikiliza. Gaudensia alipomaliza kueleza, Meya alikuwa analia, na sisemi kwa mzaha, alilia kweli. Alikuwa na machozi ya karibu na moyo usio mbaya. Angekuwa mmoja tu, angekuwa mtu mwema.

"Wodi niliyozaliwa mimi!" alisema. "Nani amethubutu?"

Watu wakatazamana. Damasi akakohoa. "Waziri, Mheshimiwa."

"Waziri yupi?"

"Wa Afya."

"Ananisikia huyo?" Meya akasimama. "Leo atanijua. Evaristi! Kalamu!"

Evaristi alikuwa mkuu wa ofisi yake, mtu mwembamba mwenye viatu visivyotoa sauti. Alimtumikia Waziri Jumatatu mpaka Ijumaa na kumtumikia Meya Jumamosi na Jumapili, na katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kumwambia mmoja siri ya mwingine.

"Tumwandikie kwa heshima, Mheshimiwa Meya?"

"Kwa ukali!"

Barua ikaandikwa. Nimebahatika kuiona nakala. Inasema: *Mheshimiwa Waziri, wewe ambaye hukuzaliwa na jiwe, ingawa moyo wako unatia shaka...* Watu walipiga makofi mpaka vumbi likaanguka darini. Gaudensia alirudi nyumbani akajisikia, kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa, kwamba anaweza kula.

Jumapili jioni Mheshimiwa na Evaristi walirudi mji mkuu kwa gari moja. Barua ilikuwa imepelekwa posta, kama inavyopasa. Wakiwa njiani Mheshimiwa alitazama milima ikipita, akauliza polepole:

"Evaristi, unadhani atakubali?"

"Sijui, Mheshimiwa. Ni mgumu yule."

*

Barua ilifika Jumanne. Waziri aliisoma amesimama, halafu amekaa, halafu amesimama tena.

"Ananiita jiwe!" Akapiga meza. "Meya wa mji wa jibini, watu elfu tisa, ananiita mimi jiwe! Anajua anaongea na nani?"

"Anajua vizuri sana, Mheshimiwa," alisema Evaristi.

"Mjibu. Mwambie sheria haina kwao. Mwambie nikimfungulia yeye kwa sababu tu ananifahamu, kesho nchi nzima itasema napendelea watu wangu."

Siku hizo Mheshimiwa alikuwa hakai. Alizunguka ofisini, alizunguka nyumbani, alizunguka hata mezani, sahani mkononi. Perpetua alimvumilia siku mbili. Ya tatu akamshika mkono wa shati.

"Baba Teofili, watu wa kwenu wanateseka. Si umwambie tu?"

"Nimwambie nani?"

"Waziri."

"Na nani amwambie?"

"Wewe! Jiambie. Hapa hapa, mimi nitatoka nje kama mnaona haya."

Mheshimiwa akamtazama mkewe kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu asiyesoma Chuo cha Wakubwa.

"Mama Teofili, kujiambia bila kupitia ngazi ndiko kunaitwa rushwa."

*

Jibu la Waziri lilisomwa mbele ya watu Siagini, na Meya mwenyewe ndiye aliyelisoma, sauti ikimtetemeka kwa hasira. Papo hapo akatangaza maandamano. Jumatatu iliyofuata mabasi sita yaliingia mji mkuu, na kutoka kituo cha mabasi watu wakaenda kwa miguu mpaka wizarani, Meya mbele na mshipi wake. Wengine walibeba matandiko ya vitanda vya watoto. Gaudensia alitembea na tumbo lake, Leokadia amemshika kidole.

Getini mlinzi alisimama wima.

"Tumekuja kuonana na Waziri!" alipaza sauti Meya.

"Waziri hajafika leo, Mheshimiwa," alisema mlinzi, na jasho likamtoka maana hakujua asalimie mara ngapi.

"Mnaona?" Meya akawageukia watu. "Anatukimbia!"

Watu wakazomea. Wakazomea hasa, mpaka njiwa wakahama paa. Baada ya nusu saa Evaristi akatokea, akasema Waziri amewasili na atapokea wajumbe watatu: Meya, mkunga, na mama mmoja. Meya akawaaga watu kwa ngumi juu, akazunguka kona ya jengo. Wajumbe wawili waliobaki wakapandishwa ngazi, wakaketishwa mbele ya meza ndefu. Kiti cha katikati kilikuwa kitupu.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Waziri akaingia, nishani kifuani, akihema kidogo.

"Karibuni," alisema. Akakitazama kiti kitupu, akatikisa kichwa. "Meya wenu hakuja? Anawachochea barabarani, kisha anawaacha mnaingia peke yenu. Huyo ndiye mliyemchagua."

Klotilda alifumba macho. Gaudensia akaona muda unakwenda.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi sijui siasa. Mwanangu wa kwanza alikuja kwa dakika arobaini. Hospitali yenu ni saa mbili. Naomba uniambie, zile dakika nyingine nikae nazo wapi? Na mtoto nimshike na nini, usukani?"

Sauti ya Waziri ilipotoka ilikuwa ya chini.

"Dada yangu, maneno yako yamenigusa. Nitakupa ushauri wa bure. Mwone Meya wako. Ana uwezo kuliko anavyojionyesha."

*

Ugomvi ukawa mkubwa. Kituo kimoja cha redio kiliwaalika wote wawili, na kipindi kikachukua muda mara mbili. Nchi iligawanyika: nyumba moja Waziri, nyumba ya pili Meya. Vijana wa vyuo waliandika vitabu. Rais wa nchi ile, aliyekuwa mtu wa amani, akaunda Tume ya Usuluhishi, majaji watatu wastaafu, na kuwataka wawapatanishe haraka kabla tarehe thelathini haijafika.

Mheshimiwa alikaa upande wa kushoto asubuhi, upande wa kulia mchana. Mara moja alijikatiza, akaonywa na mwenyekiti amwache mwenzake amalize. Siku ya tano walikubaliana. Kila mmoja alipata kitu, na huo, walisema majaji, ndio uzuri wa nchi iliyostaarabika.

Mapatano yalikuwa hivi. Wodi ya wazazi ya Siagini itafunguliwa Jumamosi na Jumapili, siku za Meya. Itafungwa Jumatatu hadi Ijumaa, siku za Waziri. Ufunguo utakuwa mmoja, utakaa kwa Meya mwenyewe, na mtu mwingine yeyote atakayefungua mlango ule, awe mkunga au hata awe Waziri, atashitakiwa. Siku ambazo zamani zilikuwa mazoea tu sasa zikawa sheria.

Wapiga picha wakataka wapeane mikono. Mheshimiwa akashika mkono wake wa kushoto kwa mkono wake wa kulia, akautikisa kwa nguvu, akatabasamu pande zote. Nasikia picha ile imetundikwa shuleni.

Klotilda alisimama nyuma ya ukumbi. "Samahani, waheshimiwa majaji. Na mtoto tumboni, yeye anajuaje leo siku gani?"

Majaji wakanong'onezana. Swali lilikuwa zuri. Wakaongeza kifungu: akina mama wapewe elimu ya kalenda. Kijitabu kikachapishwa kwa rangi, jina lake *Panga Uchungu Wako*.

*

Mwezi ukaingia. Jumamosi ya kwanza Gaudensia alifungasha nguo za mtoto, akaketi kwenye benchi la wodi tangu asubuhi. Hakuna kitu. Jumapili akapanda kilima cha kanisa mara nne, akafagia uwanja mzima wa wodi, akala pilipili mbili nzima, machozi yakamtoka.

"Toka, mwanangu," aliliambia tumbo. "Leo pamefunguliwa. Toka, mama yuko tayari."

Mtoto akageuka upande wa pili, akalala.

Jumapili jioni Meya alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Gaudensia alirudi nyumbani na kifurushi chake. Wiki ya pili vile vile. Damasi alikuwa akitoka kwenye tanuri kila robo saa kuja kumtazama, mikate ikaungua, mji ukala mikate myeusi na hakuna aliyelalamika.

"Bado?"

"Bado."

"Leo Jumatatu. Usithubutu."

"Mwambie yeye, Baba Leo."

Sasa Alhamisi ya wiki ya tatu Waziri wa Afya alikuja Siagini kwa shughuli rasmi: kuzindua kufungwa kwa wodi siku za kazi. Msiulize kufungwa kunazinduliwaje. Kulikuwa na hema, bendi ya tarumbeta, meza kuu yenye kitambaa cheupe mpaka chini, na utepe uliofungwa mbele ya mlango ambao ulikuwa tayari umefungwa. Damasi alipata oda ya mikate mia, ndiyo maana Gaudensia alikuwepo, amekalia kreti tupu kwenye veranda ya wodi, akimpangia Leokadia mikate kikapuni.

Saa nne asubuhi Waziri alikuwa ukurasa wa tatu wa hotuba.

"Mlango uliofungwa vizuri," alikuwa anasema, "ni mlango unaoheshimika..."

Gaudensia akashika nguzo. Mkate ukamponyoka. Chini yake sakafu ikalowa.

"Mama?" alisema Leokadia.

"Kamwite Mama Klotilda. Kimbia."

Klotilda alikuwa ameshafika. Alipiga magoti, akatazama, akainuka na uso mwingine kabisa. Akapita katikati ya bendi mpaka kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa, ufunguo."

"Mama, subiri nimalize aya."

"Huyu hasubiri aya. Ufunguo!"

Waziri akaona. Rangi ikamtoka, nasema kweli, hakuwa mtu mbaya. "Masikini! Lakini ufunguo ule ni wa Meya."

"Meya si wewe?"

"Leo Alhamisi, mama."

"Yesu na Maria! Uko mfukoni mwako, nauona umetuna!"

"Uko mfukoni kwa kuhifadhiwa tu. Mimi nikiufungua mlango huu nitashitakiwa, na atakayenishitaki ni mimi." Akageuka haraka. "Evaristi! Mpigie Meya simu. Mwambie ni dharura!"

Evaristi akapiga. Simu ikalia ndani ya koti la Waziri. Waziri akaitoa, akaitazama, akairudisha kwa masikitiko.

"Siwezi kupokea. Niko kwenye hafla."

Simu ikalia mpaka ikachoka.

"Hapokei, Mheshimiwa," alisema Evaristi.

"Ndivyo alivyo," alisema Waziri kwa uchungu. "Wakati wa shida humpati."

Klotilda hakusikiliza zaidi. Alikamata kitambaa cha meza kuu kwa mikono miwili, akakivuta, bilauri na maua vikamwagika. Wanawake wakavua makoti, wakayatandaza mbele yao kama pazia, wakasimama bega kwa bega wakaziba veranda. Damasi akaja mbio, mikono imejaa unga, akakaa chini nyuma ya mkewe ili aegemee kifua chake. Kiongozi wa bendi, asiyejua la kufanya, akafanya alilolijua: tarumbeta zikaanza.

"Usisukume bado. Nitazame mimi, Mama Leo. Nitazame."

"Dada, nakufa."

"Hufi. Leo si siku ya kufa. Pumua. Sasa. Sukuma!"

Tarumbeta zilipiga wimbo wa taifa mara moja na nusu. Katikati ya ile nusu kikasikika kilio, chembamba, cha hasira, kikazishinda tarumbeta zote. Msichana. Klotilda akakandamiza tumbo la Gaudensia kwa mkono mzima, akatazama damu, akaitazama tena, akashusha pumzi. Imesimama.

"Wawili wazima," alisema.

Watu wakashangilia mpaka ukungu ukasogea. Waziri alilia waziwazi, akampiga Evaristi mgongoni. Kisha Evaristi akafungua jalada lake, kwa kuwa hafla ilikuwa bado haijaisha, na mtoto akizaliwa mbele ya Serikali lazima Serikali imwandike.

"Mahali pa kuzaliwa, Mheshimiwa?"

"Andika wodi ya Siagini."

"Imefungwa."

"Andika verandani."

"Veranda ni sehemu ya wodi, kwa mujibu wa mchoro."

Waziri akatafakari. Upepo wa mlimani ulipita katikati ya makoti. Gaudensia alikuwa amelala juu ya saruji, mtoto kifuani, kitambaa cha meza kimelowa chote.

"Nifungulieni niingie ndani," alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Kitanda kipo. Naviona vitanda dirishani."

"Mara moja, dada yangu, tunalimaliza," alisema Waziri. "Evaristi, mwandike Jumamosi. Mpaka Jumamosi ahesabiwe yuko njiani."

"Njiani?" Klotilda akasimama, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. "Huyu anayepiga chafya yuko njiani?"

"Kisheria, mama. Kisheria tu. Mimi mwenyewe nafurahi kwamba amefika." Aliingiza mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akautazama kwenye kiganja. Kuna waliokuwa karibu wanaosema midomo ilimcheza, kana kwamba kuna wawili ndani yake wanaogombania neno moja. Hatua tatu zilimtenganisha na mlango. Akachukua moja. Akasimama.

"Evaristi," alisema, "nikifungua, nitakuwa nimefungua kama nani?"

Evaristi akapekua kanuni, ukurasa kwa ukurasa. Bendi ikanyamaza. Watu wote wakamtazama Evaristi, hata waliokuwa wameziba veranda wakageuka, na pengo likabaki kati ya makoti.

"Tunaweza kumwomba Meya kibali kwa maandishi, Mheshimiwa," alisema Evaristi hatimaye. "Kwa njia ya haraka."

"Naam! Andika. *Mheshimiwa Meya, kufuatia mazungumzo yetu ya siku nyingi...*"

Leokadia alikuwa amepiga magoti kwenye lile pengo. Alifunua ncha ya kitambaa, akagusa mguu mdogo kwa kidole, akaondoa kidole haraka. Akawatazama wakubwa, mmoja mmoja, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye hema:

"Mtoto anasikia baridi."